Simu Isiyopokelewa: Mhadhara juu ya Kupima Hali ya Kaya Wakati wa Taabu



Mada niliyoombwa kuieleza leo hapa Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, ni ya hesabu, na hesabu aghalabu haivuti masikio ya watu walio katika dhiki. Hata hivyo naomba subira yenu, kwa kuwa katika nchi hii ya Beni na Butembo, ambako tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia hayajaacha kuandama vijiji vyetu, ambako maradhi ya Ebola yalikaa karibu miaka miwili, na ambako mpaka tunaoutegemea kwa riziki ulifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, si jambo dogo kujua ni kaya ngapi zimelala na njaa juma hili, kama zimezidi au zimepungua tangu mwezi uliopita, na ni kaya zipi hizo. Malori ya chakula hupakiwa, na fedha za msaada hutengwa, kwa kufuata hesabu za namna hiyo. Hesabu ikienda kombo, kosa lake huingia jikoni kwa mtu.

Kipimo ninachokusudia kukizungumzia ni mahojiano ya simu yanayorudiwa. Kaya kadhaa huchaguliwa kwa kura, namba zao za simu huandikwa kwa ridhaa yao, kisha hupigiwa baada ya kila muda uliowekwa, tuseme kila mwezi, zikaulizwa maswali yale yale kwa maneno yale yale. Faida yake hudhihiri pale ambapo njia haipitiki. Kutoka Beni mpaka hapa ni kilomita 80 hivi, nanyi mnajua kuliko mimi ni mara ngapi safari hiyo imefanywa nyuma ya msafara wa wanajeshi, na ni mara ngapi haikufanywa kabisa. Mdadisi aliyebeba hojaji zake mkobani hawezi kukifikia kila kijiji cha Ruwenzori siku aitakayo, lakini mlio wa simu hufika mradi mnara wa mtandao ungali umesimama.

Kuna faida nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo hutokana na kule kurudia. Septemba 2018, mwezi mmoja baada ya Ebola kutangazwa huko Mangina, watafiti wakiongozwa na Patrick Vinck na Phuong Pham waliwahoji ana kwa ana watu wazima 961 wa Beni na Butembo, wakaona kwamba mmoja katika kila wanne hakusadiki kwamba ugonjwa ule upo, na kwamba waliowaamini watawala wa mahali kuwa wanatetea maslahi yao hawakufika hata theluthi moja. Uchunguzi ule ulikuwa wa thamani kubwa, na waliousoma kwa makini waliyaelewa mengi yaliyofuata. Lakini ulisimama katika majuma mawili ya mwezi mmoja. Disemba ya mwaka ule uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, ilhali nchi karibu nzima ilipiga kura. Februari iliyofuata vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko aliuawa akiwa kazini Butembo. Imani ya watu ilipanda au ilishuka kwa kadiri gani baada ya kila tukio miongoni mwa hayo? Jibu la Septemba haliwezi kutuambia lolote juu ya Machi. Anayetaka kuujua mwendo hana budi kurudi kwa watu wale wale, akawauliza tena.

Njia hii ina asili yake karibu nasi. Mwaka 2010, mjini Dar es Salaam, kaya 550 zilichaguliwa ili zihojiwe kwa simu mara kwa mara juu ya maisha yao, na jaribio lile likazaa Sauti za Wananchi ya Twaweza, ambayo mwaka 2013 ilianza kuwapigia watu 2,000 wa Tanzania Bara, kila mmoja akiwa amepewa simu na chaja ya jua ili ufukara usimnyime nafasi ya kusema. Mwaka ule ule wa 2013, katika mkoa wetu huu huu wa Kivu ya Kaskazini, Shirika la Chakula Duniani, ambalo hapa tunaliita PAM, lilianza kuwapigia wakimbizi wa vita waliokaa kambi ya Mugunga 3, magharibi ya Goma. Watu waliokuwa wakilala chini ya turubai walipewa simu, pakatengwa mahali pa kuzichajia, nao wakawa wanaulizwa walichokula na walichokosa. Naipa habari hii uzito kwa sababu moja: wako wanaodhani kuwa mambo ya namna hii hubuniwa ng'ambo kisha huletwa kwetu yakiwa tayari, kumbe mojawapo ya majaribio yake ya kwanza lilifanyika juu ya mawe ya volkano ya Mugunga, na majibu yalitolewa kwa Kiswahili chetu.

Ebola ilipoingia Afrika ya Magharibi mwaka 2014, Liberia na Sierra Leone zilijikuta na hazina ambayo haikukusudiwa. Nchi zote mbili zilikuwa na uchunguzi mkubwa wa kaya mwaka ule ule, na ndani ya madaftari yake zilikuwamo namba za simu. Katika Sierra Leone, miongoni mwa kaya zipatazo 4,200 zilizohojiwa Julai na Agosti, takriban theluthi mbili zilikuwa zimeandikisha namba. Idara za takwimu za nchi hizo, zikishirikiana na Benki ya Dunia, ziliyafungua madaftari zikaanza kupiga simu. Katika mambo yaliyobainika mojawapo lilikuwa hili, kwamba watu wa Sierra Leone walipoteza kazi katika wilaya zilizofungiwa na hata katika zile zisizofungiwa, maana biashara ilikuwa imezimika kote. Anayekaa ofisini angedhani kwamba dhiki iko nyuma ya kizuizi tu, na huko tu angepeleka msaada. Miaka sita baadaye, korona ilipofunga njia, Kenya na Uganda zilifanya vivyo hivyo, nazo hazikuwasahau wakimbizi; katika Uganda waliopigiwa simu walikuwamo Wakongo wengi waliovuka kutoka upande wetu.

Sasa tuyatazame mahojiano yenyewe kwa karibu, maana ni rahisi kuyasifu au kuyalaumu pasipo kujua yanayosemwa ndani yake. Tumchukue mama mmoja wa Kasindi, auzaye unga wa muhogo na mafuta ya mawese, ambaye simu yake inalia saa kumi na mbili jioni, soko la ng'ambo likiwa limekwisha kufungwa. Mpigaji humwamkia, hujitaja, humkumbusha kwamba walizungumza mwezi uliopita, na humwuliza kama ana nafasi. Kisha huuliza juu ya siku saba zilizopita: ni siku ngapi mlilazimika kula chakula msichokipenda kwa kuwa ni rahisi? Mama hujibu, "Siku tano, mwanangu, ni sombe tupu." Ni siku ngapi mlikopa chakula au mlisaidiwa na jamaa? Mbili. Ni siku ngapi mlipunguza kipimo cha bukari sahanini? Nne. Ni siku ngapi ninyi wakubwa mlijinyima ili watoto wale? Hapo mama hunyamaza kidogo, kisha husema, tatu. Ni siku ngapi mlipunguza idadi ya milo? Nne.

Kila jibu lina uzito wake. Chakula duni, kupunguza kipimo na kupunguza milo kila kimoja huhesabiwa mara moja. Kukopa huhesabiwa mara mbili. Na kujinyima kwa mzazi huhesabiwa mara tatu, kwa kuwa mzazi hafiki hapo ila akiwa amekwisha kuzijaribu njia nyingine. Siku tano, na nne za mikopo, na nne, na tisa za kujinyima, na nne, jumla yake ni 26, ilhali upeo wa kipimo hiki ni 56. Kama mwezi uliopita mama huyu alikuwa na 11, tumejua kwamba nyumba yake inateremka, na tumejua mapema, kabla mtoto hajapelekwa kupimwa mkono katika kituo cha afya. Mazungumzo yote hayakupita robo saa. Namheshimu aliyetunga maswali haya, kwa sababu yanauliza matendo, na matendo ya jikoni mama huyakumbuka sawasawa kuliko bei na mapato, ambayo hapa Kasindi huchanganyika mara moja kati ya faranga, dola na shilingi za Uganda. Na laiti kila mdadisi angehakikisha kwamba anayejibu ndiye anayepika! Simu ya nyumba mara nyingi i mfukoni mwa baba, naye kwa staha au kwa kutojua husema kwamba watu wamekula vizuri.

Hapa nafika penye jambo lililonifanya nikubali mwito wenu. Mwezi wa tatu mpigaji anaipiga namba ya yule mama, na haipatikani. Anajaribu tena kesho yake, vile vile. Katika ofisi nyingi kinachofuata ni kwamba jina la mama hutiwa alama ya kutojibu, na kaya nyingine hutwaliwa badala yake ili idadi itimie. Mimi nasema kwamba katika nchi yenye hali kama yetu, alama ile ndiyo habari kubwa kupita zote zilizokusanywa siku ile, na kuiweka kando ni kuuacha mwili wa uchunguzi na kubeba sura yake tu.

Nawaomba tupige hesabu ndogo. Chukueni kaya 100 za kata moja, na 30 kati yake zina njaa. Usiku mmoja kijiji cha karibu kinashambuliwa, na watu wanakimbia. Aghalabu wakimbiao kwanza ni wenye mashamba pembeni, ambao ndio walikuwa na njaa, kwa kuwa walikwisha kuogopa kwenda kupalilia. Tuseme zimehama kaya 20 miongoni mwa zile 30, na simu zao hazipatikani. Zimebaki kaya 80 zinazojibu, na 10 ndizo zenye njaa. Mtakwimu anagawanya, anapata 12 na nusu kwa mia, na taarifa yake inasema kwamba njaa imeshuka kutoka 30 kwa mia kwa muda wa mwezi mmoja. Hakuna aliyesema uongo, kila jibu ni la kweli na kila jumla ni sahihi, nayo taarifa iliyotoka imegeuza msiba kuwa nafuu. Mwenye kugawa msaada akiisoma, atayageuza malori.

Wataalamu wataniambia kuwa iko dawa, nayo ni kuzipa uzito zaidi kaya zilizojibu zinazofanana na zile zilizonyamaza, kwa ukubwa wa nyumba, elimu, kazi na mahali. Dawa hiyo naijua na naithamini. Husaidia sana kwa mtu asiye na simu kabisa, ambaye ni fukara kuliko mwenye nayo, na kwa mtu aliyechoka kuulizwa. Lakini haiwezi kumfufua aliyekimbia, kwa sababu mkulima aliyebaki nyumbani na mkulima aliyelala porini na watoto wake, hata kama juzi walikuwa na shamba sawa na elimu sawa, leo hawafanani tena kwa lolote lililo la maana. Kilichowatenga ni kile kile tunachotaka kukipima.

Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa Ebola imekwisha kuwafundisha. Kila aliyekuwa amemgusa mgonjwa aliandikwa, akatembelewa siku 21 apimwe joto, na kila siku hesabu ilitolewa: wangapi wameonwa na wangapi hawakuonekana. Walioonwa walikuwa faraja. Waliokosekana ndio waliowanyima madaktari usingizi, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ukizuka tena na tena kwa mtu ambaye hakuwamo katika daftari, au alikuwamo akapotea. Hapa hapa Kasindi, Juni 2019, jamaa waliokuwa wakirejea Uganda kutoka Mabalako, walikokwenda kumwuguza mzee wao, walitambuliwa kuwa na dalili na wakatengwa. Baadhi yao wakaondoka, wakavuka kwa njia za miguu. Hakuna aliyesema tuwafute hao tuandike wengine. Habari zilipelekwa ng'ambo, wakatafutwa, na tarehe 11 ya mwezi ule mgonjwa wa kwanza akathibitishwa Bwera. Maradhi yale hayakupata kuenea upande wa pili. Maradhi yaliyowashika watu 3,470 na kuua 2,287, mpaka yalipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, yalituachia elimu hiyo ya kumhesabu asiyeonekana, na sioni kwa nini elimu hiyo iwe ya homa peke yake na isiwe ya njaa.

Fauka ya hayo, simu ndicho chombo pekee cha uchunguzi kinachoweza kuhama pamoja na mtu. Mapema mwaka 2025, baada ya waasi wa M23 kuutwaa mji wa Goma, kambi zilizouzunguka zilivunjwa, na mamia ya maelfu ya watu wakatawanyika kwa siku chache. Daftari la mahema halikuwa na faida tena, kwa maana mahema hayakuwapo. Mwenye namba za watu alikuwa na uzi wa kuwafuata Lubero, Butembo, au walikojaliwa kufika. Kuichukua fadhila hii ya pekee, kisha kuiacha namba baada ya majaribio mawili, ni sawa na kuchimba kisima ukakifukia kabla ya kuyafikia maji.

Basi kimya chenyewe kichunguzwe, maana vimya havifanani. Simu inayoita pasipo kupokelewa ina mwenyewe aliye na shughuli au mwenye hofu. Simu inayopokelewa na mgeni asiyejua jina unaloulizia huenda imeuzwa, na simu ya nyumba haiuzwi wakati wa neema. Namba za kijiji kizima zikizimika kwa saa moja, yaelekea mnara umekosa mafuta au umeharibiwa. Zikizimika moja moja kwa muda wa siku tatu, yaelekea watu wanaondoka. Mpigaji simu akiandika tofauti hizi kila mara, ofisi itapata ramani ya mashaka pasipo kumwuliza mtu yeyote swali lolote. Na sisi wa mpakani tuna jambo letu la ziada: wengi wenu mna laini mbili, moja ya Kongo na moja ya Uganda, nanyi mkivuka mto Lubiriha kwa usalama wenu, ile ya Kongo hupotea na ile ya pili huwaka. Kwa hiyo siku ya kwanza kaya inapoandikwa, ni wajibu iombwe namba zake zote, pamoja na namba ya jamaa mmoja anayekaa mbali, tuseme Butembo au Kasese, ambaye atajua walikokwenda.

Najua kuna miongoni mwenu wanaosikiliza haya kwa wasiwasi, na wasiwasi wao ni wa haki. Katika nchi ya utekaji na bomu lililolipuliwa kanisani hapa Januari 2023, mtu asiyejulikana akikupigia jioni na kukuuliza uko wapi, nyumbani mko wangapi na ghalani kuna nini, akili timamu inakuamuru ukate. Hofu hiyo haiondolewi kwa kusomewa kwa haraka maneno ya kuomba ridhaa. Huondolewa kwa uso: yule atakayepiga simu aje kwanza mara moja, aketi, aonekane na wazee wa kata, na sauti yake ijulikane, aseme atapiga kwa namba ipi na siku ipi, na kwamba swali la mahali mtu alipo halitaulizwa ila kwa kutaja kata au mji. Redio za mahali, kama Redio Moto, zitangaze namba hiyo ili kila mtu aitambue. Na majibu yarudishwe kwa njia hiyo hiyo ya redio, kila duru, kwa Kiswahili na Kinande, kwa kuwa mtu aliyejibu mara tatu juu ya njaa yake pasipo kusikia lolote ana haki ya kunyamaza mara ya nne, na kimya hicho kitakuwa ni shutuma juu yetu.

Daftari la namba lina hatari yake pia, na hapa nasema bila kusitasita. Orodha ya waliohama, yenye majina na namba za jamaa zao, ikiangukia mkononi mwa mtu mwenye silaha, awe na sare au asiwe nayo, itakuwa chombo cha kuwindia watu. Tangu Mei 2021 mkoa wetu uko chini ya utawala wa dharura, na wakuu wa kijeshi wana njia nyingi za kudai karatasi. Kwa sababu hiyo majina yatengwe na majibu, yakae mahali mbalimbali chini ya funguo za watu mbalimbali, na ofisi itoe nje hesabu ya kata tu, kamwe isitoe hesabu ya nyumba. Asiyeweza kutimiza sharti hili asianze kuandika namba ya mtu.

Yaliyobaki ni ya utendaji. Namba isiyopatikana ijaribiwe mara tano, kwa siku na saa mbalimbali, jioni baada ya soko ikiwamo. Kisha laini ya pili. Kisha jamaa aliye mbali. Gharama ya kupiga simu Uganda kutoka Butembo iwekwe katika bajeti tangu mwanzo, pamoja na yuniti za kumrudishia aliyejibu, ili asiwepo msimamizi wa kusema baadaye kwamba fedha za kuwatafuta waliovuka hazikutengwa. Kila taarifa itakayotolewa iseme, katika mstari wake wa kwanza, kaya ngapi zilijibu, ngapi hazikupatikana, za kata zipi, na katika duru iliyopita zilikuwa na njaa ya kadiri gani, kabla haijasema neno lolote juu ya waliojibu. Kaya iliyonyamaza ibaki katika orodha na iendelee kupigiwa kila duru mpaka uchunguzi wote utakapofungwa. Na ikipokea simu baada ya miezi mitatu au minne, mpigaji asikimbilie maswali ya siku saba, bali aulize kwanza walikuwa wapi, walikula nini huko, na wamerudi wangapi.